Damu Imesema Safi, Kifua Je?

Chukulia kijana aliyechoronga mwamba kwenye migodi ya Mererani, Tanzania, kwa miaka 12. Anakohoa kikohozi kikavu, na siku hizi akipanda ngazi za mgodi inambidi asimame njiani avute pumzi. Anakwenda kupima, anatolewa damu, majibu yanarudi: CRP ya kawaida. Anashukuru Mungu, na kesho yake anarudi shimoni. Maelezo haya ni kwa ajili yake, na kwa ajili ya wenzake wa maduara ya dhahabu, makarasha na kokoto.

Kipimo hicho kinatafuta nini hasa?

Kinatafuta mchochota, yaani hali ya mwili kupambana na kitu kinachoudhuru: pale ambapo nyama hupata joto, huvimba na kuuma. Ini likipata habari za mapambano hayo hutengeneza protini ya CRP na kuimwaga kwenye damu. Huanza kupanda ndani ya saa 6 hadi 12, hufikia kilele yapata siku ya pili, na chanzo kikiondoka hushuka haraka. Watafiti wa taasisi ya Rockefeller, New York, waliigundua mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Maabara nyingi huhesabu kiwango kilicho chini ya miligramu 5 au 10 kwa lita kuwa cha kawaida. Nimonia kali inaweza kukivusha 100.

Kuna pia ESR, kipimo cha zamani zaidi. Damu huachwa kwenye mrija uliosimama kwa saa moja, kisha huangaliwa chembe nyekundu zimezama milimita ngapi. Lakini hata upungufu wa damu, ujauzito na uzee huipandisha.

Vumbi la mwamba linaumizaje pafu?

Vumbi linalokupaka uso si ndilo la kuogopwa zaidi. Linaloua ni lile lisiloonekana, punje za silika zilizo chini ya mikromita 5, ambazo hupita puani na kooni hadi kwenye vifuko vya hewa vilivyo ndani kabisa ya pafu. Huko hupokewa na seli walaji, ambazo kazi yake ni kumeza uchafu. Seli hizo zikimeza bakteria humyeyusha, lakini jiwe haliyeyuki. Punje huichana seli kwa ndani, seli humwaga kemikali za kuita wenzake, kisha hufa. Punje ileile humezwa na seli nyingine, na mambo huanza upya. Ndiyo maana ugonjwa unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha mgodi. Kila duru huacha kovu, makovu huungana kuwa vinundu, na pafu hukakamaa. Hiyo ndiyo silikosisi. Dawa ya kuyaondoa makovu hayo haipo.

Basi mbona CRP ya mgonjwa inaweza kuwa ya kawaida?

Kwa sababu CRP hupima kidonda kibichi, na silikosisi kwa sehemu kubwa ni kovu. Mchochota wake ni kama moto wa pumba za mpunga: unakwenda ndani kwa ndani miaka mingi bila kutoa miale, na ini huenda lisiusikie. Kwa hiyo CRP ya kawaida haithibitishi kwamba mapafu ni mazima. Silikosisi hutambuliwa kwa historia ya kazi pamoja na picha ya kifua, na kipimo cha kupuliza hewa huonyesha pafu limepungukiwa nguvu kiasi gani. Daktari asipokuuliza unafanya kazi gani, mwambie mwenyewe: nimechoronga miaka kadhaa, bila maji.

Na ikipanda?

Kwanza ufikiriwe ugonjwa wa kuambukiza, hasa kifua kikuu (TB). Silika huzidhoofisha seli zilezile ambazo zingepambana na vimelea vya TB, hivyo mwenye silikosisi yuko hatarini mara kadhaa zaidi ya mtu mwingine. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba CRP inayozidi 5 inaweza kutumika kuwachuja watu wanaoishi na VVU ili wapimwe TB. Kuchuja tu; jibu lenyewe hutafutwa kwenye makohozi. Jino bovu, malaria, sigara na unene navyo huipandisha.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo linaniuma zaidi. Kwenye picha ya kifua silikosisi na TB zinaweza kufanana sana, kiasi kwamba mchimbaji anaweza kupewa dawa za TB mara mbili au tatu ilhali makohozi hayajawahi kuonyesha kimelea hata kimoja. Katikati ya dozi na dozi, anarudi vumbini.

Hakuna kipimo cha damu kinachoangalia pafu lenyewe?

Vipo vinavyokaribia. Kimoja ni KL-6, protini inayovuja kutoka kwenye seli za pafu lililoumia, ambayo Japani huitumia kufuatilia magonjwa ya makovu ya mapafu. Husaidia kuona mwenendo, lakini hakisemi kama chanzo ni vumbi.

Nifanye nini sasa?

Choronga kwa maji, maana vumbi likilowa halipeperuki. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii punje hizi. Ukiwa kaskazini mwa Tanzania, Hospitali ya Kibong'oto wilayani Siha ina uzoefu mrefu wa magonjwa ya kifua na ya wachimbaji. Uliyeajiriwa Tanzania Bara, uliza habari za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Silikosisi ni ugonjwa wa kazini. Na picha ya kifua ya kwanza usiitupe. Iweke kwenye bahasha, na juu yake andika jina la mgodi, kazi uliyoifanya, mwaka ulioanza na mwaka ulioacha.