Soma Majina Kabla ya Kuweka Sahihi

Matanga yamekwisha jana, viti vya kukodi havijarudishwa, na tayari shemeji amekuja na karatasi. "Shemeji, weka sahihi hapa tu, ni mambo ya korti." Mama ambaye hajapata usingizi tangu msiba uingie huiweka bila kusoma.

Mama, isome. Mara nyingi karatasi hiyo ni ya kukubali mtu mwingine asimamie mirathi. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, humtanguliza mke au mume aliyeachwa katika kuomba usimamizi pale marehemu asipoacha wosia. Watoto humfuata. Ndugu za marehemu wako nyuma yao wote, na sahihi yako ndiyo inayowasogeza mbele.

Karatasi ya pili ya kuangalia ni barua ya chifu, inayotaja walioachwa na marehemu. Pitisha kidole jina kwa jina. Yupo binti aliyeolewa? Anastahili kuwemo, kwa kuwa sheria haimtengi na kaka zake. Yupo mtoto wa nje ambaye marehemu alimkubali na kumlea kama wake? Naye ni mtoto. Hata mimba inahesabiwa, mradi mtoto azaliwe hai. Jina likikosekana hapa, huenda likakosekana hadi siku ya kugawa shamba.

Pasipo wosia, mjane mwenye watoto hupata vyombo vya nyumbani na vitu vya binafsi vya marehemu viwe vyake kabisa. Mali iliyobaki, kama nyumba, shamba na pesa za benki, ana haki ya kuitumia maisha yake yote, kisha iwaendee watoto. Anakaa, analima, anapokea kodi ya vyumba. Kuuza ardhi ili alipe karo au matibabu kunawezekana, ila lazima kwanza apate idhini ya mahakama. Wajane wengi huona idhini hiyo kama mzigo, lakini mimi naiona kama kufuli: pasipo hiyo, mnunuzi mwenye haraka na jamaa mwenye shida wangelimaliza shamba kabla watoto hawajamaliza shule.

Kwenye ndoa ya wake wengi, mali hugawanywa kwa nyumba, kwa kuhesabu watoto na kumwongeza kila mjane kama kichwa kimoja. Mke mkubwa akiwa na watoto 4 na mdogo akiwa na 1, vichwa ni 7: nyumba ya kwanza hupata mafungu 5, ya pili 2. Waislamu hufuata sheria ya Kiislamu, ambapo mjane mwenye watoto hupata thumni, na asiye nao robo.

Na kama kuna wosia uliokuacha mikono mitupu? Kifungu cha 26 kinamruhusu mtegemezi kuiomba mahakama imtengee sehemu inayofaa, iwe fungu la mali, pesa za mara moja au malipo ya kila kipindi. Mke na watoto hawana haja ya kuthibitisha kwamba marehemu alikuwa akiwatunza, ila mzazi au ndugu lazima athibitishe. Mahakama itaangalia ukubwa wa mali, mahitaji yako, na ulichokwisha kupewa marehemu akiwa hai. Weka risiti za karo na za hospitali.

Ombi hilo lina mwisho wake: halipokewi tena baada ya hati ya usimamizi kuthibitishwa. Kwa kawaida uthibitisho huja miezi 6 baada ya hati kutolewa, kwa hiyo nenda kwenye rejista ya mirathi mapema uulize kama kuna faili yenye jina la marehemu. Watoto wakiwa chini ya miaka 18, dai wasimamizi wasiopungua wawili.

Pesa za pensheni usizisubirishe mirathi, kwani hulipwa moja kwa moja kwa aliyeandikishwa na marehemu. Na anayeng'oa mabati au kuuza ng'ombe kabla ya kupata hati anatenda kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Piga ripoti polisi.

Kama hati ilithibitishwa huku wewe umefichwa, kifungu cha 76 kinakuruhusu kuomba ifutwe, wakati wowote.