Umeacha ugali, je, kuku wa kukaangwa ni ruhusa?

Hapa Misikhu, kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale, mtu akisema ameacha ugali huulizwa anaugua nini. Hata hivyo, siku hizi wengi hunijia wakieleza kwamba hawali tena ugali, mkate wala viazi ili wapunguze uzani. Kuacha kwenyewe hakunisumbui sana. Kinachonisumbua ni yale wanayofanya wakikutana na sahani inayotiririka mafuta.

Baadhi husema, "Daktari, hiki hakina wanga, basi nimeruhusiwa." Mnamo Aprili 2010 kampuni ya KFC ilianza kuuza huko Marekani chakula kilichoitwa Double Down: vipande viwili vya kuku wa kukaangwa badala ya mkate, na katikati jibini na nyama ya nguruwe. Wengi walikiona kioja, lakini kwa asiyekula mkate kilikuwa kama halali. Kilikuwa na kalori 540 na miligramu 1,380 za sodiamu, ile iliyomo katika chumvi. Shirika la Afya Duniani hutaka mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 kwa siku nzima. Tusiwacheke Wamarekani. Wewe unayesukuma ugali kando kisha ukaagiza kuku wa kukaangwa na soseji mbili, umefanya yale yale.

Wengine huvumilia wiki tatu, kisha jioni moja hununua vibanzi. Gramu 100 za viazi vya kuchemshwa zina kalori zipatazo 90. Za vibanzi hufikia 300. Kesho yake mizani imepanda kwa kilo nzima, nao hukata tamaa. Lakini sehemu kubwa ya kilo hiyo ni maji. Mwili huhifadhi akiba ya sukari katika ini na misuli, kila gramu pamoja na gramu kama 3 za maji. Ukiacha wanga, akiba hupungua na maji hutoka kwa mkojo. Ukila wanga, hurudi. (Ndiyo sababu wiki ya kwanza kila mtu hujisifu.)

Sasa, msomaji mwenye kisukari, nisikilize vyema. Mama mmoja aliletwa kwangu akitetemeka, jasho likimtoka, hata jina lake halijui. Alikuwa ameacha ugali kwa siku nne, lakini vidonge vyake vya glibenklamaidi aliendelea kuvimeza vile vile. Binti yake alimpa soda njiani, akaikataa: "Ina wanga!" Tulimtia sukari mshipani, akazinduka.

Ikiwa unatumia insulini au vidonge vya aina hiyo, mwone daktari kabla ya kupunguza wanga, ili dawa nazo zipimwe upya. Ukianza kutetemeka, koroga vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari katika maji, unywe papo hapo. Aliyezirai asinyweshwe chochote. Alazwe kwa ubavu na apelekwe hospitalini mara moja.