Mtoto njiti ahesabiwe umri wake wa haki



Ndugu msomaji, leo napenda tulitazame jambo ambalo katika familia zetu za mjini husemwa kwa kunong'ona. Mtoto amezaliwa kabla ya siku zake, yaani njiti. Amefika mwaka na nusu, bado hasemi neno, na akiitwa jina lake hageuki. Mimi ni mwalimu wa masomo ya Kiislamu, si daktari, lakini baada ya darsa za akina mama swali hili huletwa kwangu mara kwa mara. Mama mmoja alijifungua miezi saba tu baada ya harusi. Mawifi walimwambia mtoto wake ni zezeta, na jirani akaongeza kuwa mimba yenyewe ilianza kabla ya ndoa.

Hapa zipo dhulma mbili: ya mama na ya mtoto.

Tuanze na mama. Katika Surat Al-Ahqaf (46:15) tunafundishwa kuwa kubeba mimba na kunyonyesha mpaka kuachisha ziwa ni miezi thelathini. Katika Surat Luqman (31:14) kuachisha ziwa kumetajwa kuwa ndani ya miaka miwili. Ukitoa miezi ishirini na nne katika thelathini inabaki sita. Imepokewa kwamba Ali bin Abi Talib (r.a.) alitumia hesabu hii kumtetea mwanamke aliyejifungua baada ya miezi sita ya ndoa, na wanazuoni wakaishika kuwa ndiyo muda mdogo kabisa wa mimba. Basi anayemtuhumu mama wa njiti kwa hesabu ya vidole, hana hoja mbele ya sheria. Na kumsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi ni katika madhambi makubwa.

Sasa tuje kwa mtoto. Madaktari humwita njiti mtoto yeyote aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za ujauzito, na aliyezaliwa kabla ya wiki 28 ndiye mchanga zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watoto wapatao milioni 13.4 walizaliwa hivyo, karibu mmoja katika kila kumi.

Watoto hawa wana umri wa aina mbili. Upo umri wa tangu kuzaliwa, na upo umri wa tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Aliyezaliwa wiki ya 28 amewahi kwa wiki 12, karibu miezi mitatu. Kwa hiyo akitimiza miezi 18, katika maongezi na maingiliano na watu tumpime kama mtoto wa miezi 15. Wataalamu hutumia hesabu hii hadi mtoto afikishe miaka miwili. Kumlinganisha na mtoto wa jirani waliyezaliwa naye siku moja ni kumdhulumu.

Hata hivyo, hesabu hiyo isiwe kisingizio cha kulala. Kwa umri huo uliorekebishwa, mtoto wa mwaka mmoja kwa kawaida hugeuka akiitwa, na hupunga mkono wa kwaheri. Miezi michache baadaye hunyoosha kidole kukuonesha kitu kilichomvutia, kisha hukutazama kuona kama nawe umekiona. Akifika miaka miwili huunganisha maneno mawili, kama "mama njoo". Yasipoonekana haya, mpelekeni hospitali. Asifungwe hirizi, wala asifichwe chumbani wageni wakija.

Hospitalini ombeni kwanza masikio na macho yapimwe. Njiti wengi hupata manjano makali au maambukizi, na baadhi ya dawa zinazookoa maisha yao zinaweza kudhuru usikivu. Mtoto asiyesikia hawezi kuitika, na huko si ukaidi wala uzezeta.

Ni kweli pia kwamba usonji hupatikana zaidi kwa njiti. Nchini Uingereza na Ireland walifuatiliwa watoto waliozaliwa mwaka 1995 kabla ya wiki 26. Walipofika miaka 11, takriban 8 katika kila 100 walikutwa na usonji. Hao ni wengi kuliko watoto waliotimiza siku zao, lakini 92 waliobaki hawakuwa nao. Hivyo basi, tusimhukumu mtoto kabla ya vipimo, na akikutwa nao, bado ni amana ile ile na msaada wa mapema humfaa.

Nyumbani, dawa kubwa ni mazungumzo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulinasa sauti katika wodi ya njiti kwa saa 16 kila mara. Watoto waliosemeshwa zaidi wangali wodini walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya lugha baadaye. Sisi humwadhinia mtoto sikioni siku ya kwanza, kisha wengine hunyamaza mpaka aanze kusema mwenyewe, na simu au televisheni ndiyo inayomlea. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili asizidishe saa moja kwa siku.

Mtume (s.a.w.) ametuonesha njia. Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (r.a.), alikuwa mtoto aliyeachishwa ziwa tu. Mtume (s.a.w.) alikuwa akimwita kwa jina la heshima na kumuuliza habari za ndege wake mdogo. Tazama, hakumhubiria, alimsemesha juu ya kitu anachokipenda. Nawe fanya hivyo. Mtoto akitazama paka, sema "paka". Kisha nyamaza kidogo, mpe nafasi ya kujibu, hata kwa mguno au kwa macho. Mguno huo ukiujibu, umeshaanza kumfundisha kusema.

Akina baba, kazi hii si ya mama peke yake. Mkeo anayetoka kliniki na mtoto mgongoni asikutwe na masimango mlangoni. Ninyi mnyamazisheni anayemsengenya, kisha mkae chini mumsemeshe mwanenu.