MPAKA WA KAZI NDANI YA ORDINATERE

Wandugu wanafunzi, Linux ikijibu « Ressource temporairement non disponible », tusiseme ordinatere imekufa. Kila mtumiaji iko na mpaka wa kazi zenye kutembea pamoja, na pengine tumeufikia. Tuandike ulimit -u, tutaona hesabu. Mpaka wa kwanza tunaupandisha sisi wenyewe, kama vile ulimit -S -u 2000, kwa dirisha lile tu. Mpaka wa juu, ni root peke yake anaupandisha, ndani ya /etc/security/limits.conf, kwa neno nproc. Kisha tunatoka na kuingia tena.

Lakini kwanza ps ux, tuone nini inajaza. Programu yenye kujizaa bila kusimama itakula hata mpaka mpya, na wenzetu wa mashine ileile watakwama pamoja nasi.