Miguu, Mvua na Masikio: Mafunzo Niliyopata Nikiandaa Safari za Udzungwa

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa haina barabara za kutalii kwa gari. Anayetaka kuwaona wanyama wake hupanda na kushuka kwa miguu chini ya miti mirefu, na jambo hilo peke yake hugeuza maandalizi yote ya safari. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilometa za mraba 1,990, na imekaa kati ya mikoa ya Iringa na Morogoro. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaandalia ndugu, marafiki na wanafunzi safari za kulala msituni humo, na kila safari imenizidishia imani moja: msitu wa mvua hauendewi kwa ratiba ya mbugani. Kule mbugani mtu huorodhesha wanyama anaotaka kuwaona. Msituni huandaa muda, mwili na utulivu, na wanyama hujitokeza wakati wao.

1. Chagua njia kwanza, tarehe baadaye

Wengi huanza kwa kuhesabu siku za likizo, kisha wanatafuta cha kuzijazia. Mimi huanza na njia. Kupanda hadi maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake huanguka jumla ya meta 170 kwa hatua tatu, ni kazi ya nusu siku. Njia ya kilele cha Mwanihana, kinachopita meta 2,000, ina kilometa 38 kwenda na kurudi, na hutembewa kwa siku tatu na kulala usiku mara mbili. Njia ya Lumemo ina kilometa 65 na inadai siku tano. Ukishajua njia, ndipo utajua wapagazi wangapi wanahitajika, chakula kiasi gani, na nani katika kundi lako ana miguu ya kuimudu.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza, napendekeza siku ya mwanzo iwe ya matembezi mafupi karibu na makao makuu ya hifadhi, Mang'ula, ya pili iwe ya Sanje, na ndipo afikirie kulala kambini. Mwinuko wenye mizizi na majani yaliyolowa hula muda kuliko kilometa zinavyoonyesha kwenye karatasi, na mwili unahitaji kuuzoea kabla ya kubebeshwa mzigo.

2. Fahamu mvua inatoka wapi

Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi unapogonga ukuta wa milima hii, hupanda juu, hupoa na kumwaga maji. Ndiyo sababu miteremko ya mashariki ina msitu mnene kiasi kile, na ndiyo sababu koti la mvua halibaki nyumbani hata mwezi Agosti. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo mizuri zaidi kwa kutembea. Kati ya Machi na Mei masika hufanya njia ziteleze na mito ijae, kwa hiyo safari ya siku nyingi naihamishia kiangazi.

Kuna jambo jingine linalotokana na umbo la mlima. Mteremko wa Mwanihana unatazama mashariki, hivyo jua la jioni hujificha nyuma ya mlima mapema, na chini ya miti giza huingia kabla ya saa kumi na mbili. Kundi langu huwa limefika kambini saa tisa alasiri, maji yamechotwa na mahema yamesimama mwanga ukiwa bado upo.

3. Malizana na ofisi kabla ya kufunga mizigo

Hifadhi iko chini ya shirika la hifadhi za taifa, TANAPA. Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu, na raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana kuliko mgeni wa kutoka mbali. Kiingilio huhesabiwa kwa muda, kwa hiyo nafika Mang'ula mchana, nalala kijijini, na kuingia hifadhini asubuhi na mapema. Siku nzima inakuwa yangu.

Ombi la kulala kambini lipelekwe mapema, kwa sababu safari ndefu huhitaji muongozaji na askari mwenye silaha. Msitu huu una tembo, nyati na chui, na kwenye kichaka kizito mtu anaweza kuwa hatua chache tu kutoka kwa nyati asimwone. Katika maombi hayo ninaeleza wazi tunachokwenda kutafuta, ndege au nyani, na hali ya afya ya kila mmoja. Muongozaji akijua hayo, hupanga mwendo na vituo vya kupumzika kwa busara.

4. Ipe heshima njia ya kufika

Kutoka Dar es Salaam ni takriban kilometa 350. Unapita Morogoro, unakatiza Hifadhi ya Mikumi, na kwenye mji wa Mikumi unaacha barabara kuu na kushika ya Ifakara. Ukivuka Mto Ruaha Mkuu pale Kidatu, mashamba ya miwa yanatanda na ukuta wa kijani unainuka mkono wa kulia. Nasafiri mchana ili kila mtu auone mlima huo ulivyo kabla ya kuingia ndani yake. Reli ya TAZARA pia inapita Mang'ula. Anayetaka kupanda treni aulizie ratiba mapema, kisha aache siku nzima ya nafasi kwenye mpango wake.

5. Wape wenyeji nafasi ya kukufundisha

Mwaka 1979 watafiti waliokuwa kwenye msitu wa Mwanihana walisikia mlio wa nyani ambao sayansi haikuwa imeuandika bado. Wenyeji walikuwa wakimfahamu mnyama huyo siku zote. Leo anaitwa mangabe wa Sanje, na hapatikani popote duniani nje ya milima hii. Mwaka 1991 watafiti wengine waliona miguu ya ndege wasiyemjua ndani ya chungu cha mboga kambini. Ndivyo kwale wa Udzungwa alivyoingia kwenye vitabu vya ndege.

Visa hivyo viwili vimeniongoza kuliko ramani yoyote. Muongozaji aliyezaliwa Sanje au Mang'ula anajua ni mti gani umezaa matunda wiki hii, na penye matunda ndipo penye wanyama. Jioni ya kwanza nakaa naye, namwuliza anapendekeza tuanzie wapi, kisha nabadilisha mpango wangu kufuata jibu lake.

6. Sikiliza kabla ya kutazama

Sehemu kubwa ya uhai wa msitu huu iko juu ya vichwa, penye majani. Mbega mwekundu wa Iringa, ambaye naye ni wa milima hii na maeneo ya jirani tu, hutambulika kwanza kwa matawi yanayotikisika na sauti kali za kundi. Mbega weupe huunguruma alfajiri. Hondohondo husikika kwa mabawa kabla hawajaonekana. Usiku perere hupiga kelele ndefu ya kutisha, na mgeni ambaye hajaambiwa hatalala. Kwa hiyo nawaeleza watu mapema ni mnyama mdogo kiasi gani.

Kwa ajili hiyo kundi langu ni dogo, simu zimezimwa milio, na kila baada ya mwendo mfupi tunasimama kimya kwa dakika kumi. Muda huo nauweka kwenye ratiba kama ninavyoweka chakula. Darubini moja nzuri inayopokezanwa inatosha watu watatu.

7. Funga begi kwa ajili ya maji, upupu na baridi

Nguo ya pamba ikilowa msituni haikauki. Chukua za kitambaa chepesi, na seti moja ya kulalia iliyofungwa isipitishe maji. Suruali ndefu na soksi zilizovutwa juu yake huzuia upupu, kupe na siafu. Mang'ula kuna joto, lakini huko juu usiku sweta inahitajika. Beba tochi ya kichwani, vidonge vya kutibu maji, na dawa ya kinga ya malaria kwa ushauri wa daktari. Kukata kuni hifadhini ni marufuku, kwa hiyo tunapikia jiko dogo la gesi vyakula vinavyoiva haraka: wali, dengu, dagaa.

Na buti zisafishwe, zikaushwe kabla ya kuondoka nyumbani. Kusini mwa milima hii, kwenye maporomoko ya Mto Kihansi, aliishi chura mdogo asiyepatikana kwingine. Mwaka 2000 maji mengi ya mto huo yalielekezwa kwenye mitambo ya umeme, kisha ukazuka ugonjwa wa kuvu, na mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Aliokolewa na vizazi vilivyokuwa vimetunzwa Marekani, vikaanza kurudishwa Kihansi mwaka 2012. Kuvu husafiri kwenye tope na unyevu. Kupiga buti brashi ni kazi ya dakika chache, na kwangu ni sharti la kuingia kwenye msafara.

8. Weka sehemu ya bajeti kwa ajili ya kijiji

Wanaoishi chini ya mlima hawaingii tena msituni kuokota kuni, na tembo wanaposhuka mashambani ni mazao yao yanayoliwa. Wao ndio wanaogharamia uhifadhi kwa maisha yao ya kila siku. Kwa hiyo mchele, ndizi na mboga nanunua Mang'ula badala ya kuvibeba kutoka mjini, wapagazi nawachukua kutoka vijiji vya jirani, na malipo yao nakubaliana nao waziwazi kabla ya safari kuanza.

Mito inayotoka kwenye milima hii inamwagilia mpunga na miwa ya bonde la Kilombero, na nguvu ya maji yake inasukuma mitambo ya umeme unaowasha taa za miji yetu. Mtanzania aliyelala usiku mmoja msituni akasikia maji hayo yakishuka hahitaji kuhubiriwa kwa nini msitu ulindwe. Ndiyo maana nawahimiza walimu, wazazi na vikundi vya vijana wapange safari hii wakati wa kiangazi, mapema na bila haraka. Msitu huu ni wetu, na unastahili watu wanaoujua kwa miguu yao wenyewe.