Wafilisti na Wapalestina: Msamiati wa Kidini na Upendeleo katika Mijadala ya Kiswahili

Utangulizi

Mgogoro baina ya Waisraeli na Wapalestina hujadiliwa sana nchini Kenya, hata katika miji ya bara kama Machakos. Mijadala hiyo ilipamba moto baada ya tarehe 7 Oktoba 2023, wapiganaji wa Hamas waliposhambulia kusini mwa Israeli na kuua watu wapatao 1,200, nayo Israeli ikaanzisha vita katika Ukanda wa Gaza vilivyoua makumi ya maelfu ya Wapalestina. Aghalabu mjadala huanza kwa siasa na kuishia kwa dini: Mkristo hutetea upande huu, Mwislamu upande ule. Makala haya yanashikilia kuwa sehemu ya upendeleo huo imo katika msamiati tunaoutumia, na kwamba ni wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili kuufichua.

Jina moja, maana mbili

Kiingereza kina neno moja kwa Mwisraeli wa kale na jingine kwa raia wa Israeli ya leo. Kiswahili hutumia neno lile lile. Katika Biblia ya Union ya mwaka 1952, Mwisraeli ni mzawa wa Yakobo. Katika gazeti, ni raia wa dola iliyotangazwa tarehe 14 Mei 1948. Takribani raia mmoja kati ya watano wa dola hiyo ni Mwarabu, na wengi wa Waarabu hao ni Waislamu. Kwa hivyo, mzungumzaji anaposema kuwa Waisraeli ni taifa teule na hivyo serikali yao haikosei, amehama kutoka maana moja hadi nyingine bila kujua.

Hali kadhalika, neno Wafilisti hukaribiana kwa sauti na Wapalestina, na wapo wanaoamini kuwa Wapalestina ni kizazi cha Goliathi. Ni kweli kuwa jina Palestina lilitokana na jina la Wafilisti kupitia Kigiriki. Hata hivyo, jina la nchi si nasaba ya watu wake. Jina Kenya lilitokana na mlima ambao Ludwig Krapf alitajiwa Ukambani mwaka 1849, lakini hakuna anayedai kuwa Wakenya wote wana asili ya mlimani. Wapalestina wa leo husema Kiarabu, na miongoni mwao wamo Wakristo, wakiwemo wa Bethlehemu na Gaza. Mkristo anayewaita wote maadui wa Mungu amewajumuisha waumini wenzake.

Upande wa pili

Tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyotoka mwaka 1969, hutumia umbo Mayahudi. Msomaji aliyezoea Wayahudi huenda akadhani kiambishi ma- ni cha dharau. Sivyo, kwani twasema pia masheikh, maaskofu na marafiki. Upendeleo huzuka pale ambapo aya zinazowahusu Wayahudi wa Madina katika karne ya 7 hutumiwa kumhukumu kila Myahudi aliye hai.

Neno Mzayuni nalo hutatiza. Uzayuni ni siasa ya utaifa, na si kila Myahudi anayeifuata. Viongozi wake walipopewa na Uingereza pendekezo la kuwa na makao Uasin Gishu mwaka 1903, walibishana vikali kabla ya kulikataa mwaka 1905. Idhaa ya Kiswahili ya Redio Tehran imezoea kusema "utawala wa Kizayuni" pahali pa "serikali ya Israeli". Hapo msikilizaji hupewa hukumu kabla ya habari.

Kumbukumbu za nyumbani

Si kila upendeleo hutokana na dini. Neno walowezi linapotumiwa kwa Waisraeli waliohamia Ukingo wa Magharibi baada ya vita vya 1967, msikilizaji wa Machakos hukumbuka walowezi wa Kizungu katika Vilima vya Mua, na Muindi Mbingu aliyewaongoza Wakamba hadi Nairobi mwaka 1938 kupinga kunyang'anywa ng'ombe. Ulinganisho huo una mashiko. Hata hivyo, haumwelezi Myahudi aliyefika huko akikimbia mauaji ya Wanazi.

Fauka ya hayo, mgogoro huu umeua watu wetu pia. Hoteli ya Paradise, Kikambala, iliposhambuliwa tarehe 28 Novemba 2002 kwa kuwa ilikuwa ya Mwisraeli, wengi wa waliouawa walikuwa Wakenya. Wanafunzi wawili Watanzania waliokuwa wakijifunza kilimo Israeli waliuawa katika shambulio la Oktoba 2023.

Hitimisho

Kuwa na imani si kosa, wala mjadili halazimiki kuificha. Linalotakiwa ni kutaja wahusika kwa usahihi: serikali, raia, waumini au kundi la wapiganaji. Tuseme "Wana wa Israeli" tunaponukuu Maandiko, na "raia wa Israeli" tunapozungumzia dola ya leo. Aidha, kabla ya kumpa mwenzetu jina, tujiulize kama tungelikubali iwapo tungeitwa sisi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Zoezi

1. Andika upya sentensi hizi ukiondoa upendeleo: (a) "Waisraeli wanawapiga Wafilisti tena." (b) "Mayahudi wameshambulia Gaza."
2. Jadili: je, neno "gaidi" lina fasili moja kwa wazungumzaji wote wa Kiswahili?