Dondoo muhimu: Baiskeli kwenye mlima wa theluji

Theluji ikiyeyuka Whistler, Kanada, lifti zilizokuwa zikipandisha watelezaji huanza kubeba baiskeli. Anza na njia zenye alama ya kijani, kisha buluu. Nyeusi waachie waliozoea. Njia iitwayo A-Line ina jina kubwa, lakini ni miruko mwanzo mwisho, si ya siku ya kwanza hata kidogo. Baiskeli ya kuteremkia kodisha palepale, na uvae helmeti inayofunika hadi kidevu.

Mteremkoni usikae kitini. Simama, pedali zikiwa usawa, viwiko na magoti yamekunjwa, kidole kimoja tu kwenye kila breki. Bana, achia, bana tena. Ukizing'ang'ania zitapata moto na kulegea. Mizizi iliyolowa ivuke moja kwa moja, bila kukata kona. Ukianguka, toka njiani upesi: kuna mwingine anakuja nyuma yako.